Nchi Inayopumua kwa Bomba Moja

Maneno haya niliyasema Mombasa, mbele ya wenye malori na mawakala wa mizigo. Nimeyaandika karibu yote kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza salamu tu, na ile dakika kumi ambayo umeme ulikatika.

Wazee wangu, kina mama mnaoibeba biashara hii, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango ili muwahi kutoka, hamjambo.

Katibu aliponipigia simu aliniambia, "Mzee, njoo utuzungumzie soko la Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, kama lafaa kurudiwa ama tuliache." Nikamwambia soko la Juba mimi nalijua kwa makovu. Akacheka. Nilipokaa kupanga maneno nikaona siwezi kulizungumzia soko bila kuizungumzia nchi, na nchi yenyewe siwezi kuizungumzia bila kuanza na bomba la mafuta. Kwa hiyo mtanivumilia. Habari za nauli za mzigo kutoka Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, kwenda mbele mtazipata kwa wengine, wamo humu ndani wanaozijua kunishinda.

Nilianza kwenda Juba mwaka 2006. Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa saini hapahapa kwetu, Nairobi, uwanja wa Nyayo, tarehe 9 Januari 2005. Upande huu John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini mwa Sudan, upande ule Ali Osman Taha wa serikali ya Khartoum, na Jenerali wetu Lazaro Sumbeiywo ndiye aliyewakalisha mezani, mara Machakos, mara Naivasha, mpaka wakakubaliana. Vita vilikuwa vimedumu miaka 22. Garang hakuyafaidi matunda yake. Helikopta iliyokuwa ikimrudisha kutoka Uganda ilianguka mwezi wa saba mwaka huohuo, na Salva Kiir akachukua nafasi.

Juba niliyoikuta ilikuwa ya mahema na makontena. Hoteli ni kontena, ofisi ya mkubwa ni kontena lenye kiyoyozi na jenereta inayonguruma nje. Mji umekaa ukingoni mwa Nile, lakini maji ya kuoga unanunua kwa boza. Nyanya za Uganda, mayai ya Uganda, boda boda anayekubeba ni Mganda, saruji yao ama yetu. KCB ikafungua tawi, Equity ikafuata. Siku ya kwanza nilisimama katika soko la Konyo Konyo nikajiuliza, jamani, hawa watu wanalipia haya yote kwa kitu gani? Maana sikuona kinachotoka. Malori yetu yalikuwa yakiingia yamejaa na kurudi matupu. Lori likirudi tupu sisi tunajua hasara yake, tunaiweka kwenye bei ya kwenda. Kwamba nchi nzima ilikuwa ikirudisha malori matupu, hilo hatukulikalia chini.

Kilicholipa kilikuwa chini ya ardhi, mbali na Juba, kule juu kwenye majimbo ya Unity na Upper Nile. Wachina, Wamalesia na Wahindi wanachimba, mafuta ghafi yanaingia bombani, yanasafiri zaidi ya kilomita elfu moja ndani ya nchi ya Sudan mpaka Port Sudan, bahari ya Shamu, ndipo yanapakiwa melini. Mkataba wa Nyayo ulisema mapato ya mafuta ya kusini yagawanywe nusu kwa nusu kati ya Khartoum na Juba. Serikali ya Juba basi ilizaliwa ikiwa na pesa mkononi kabla haijawa na kijiji hata kimoja kinacholipa kodi.

Kisha uhuru. Kura ya Januari 2011, karibu asilimia 99 wakasema tunaondoka, na tarehe 9 Julai bendera ikapanda. Nilikuwepo. Nililia, sioni haya kusema. Watu waliokuwa wamepigana tangu baba zao walikuwa wakicheza barabarani tangu usiku wa manane.

Nchi mpya iliondoka na robo tatu ya mafuta ya Sudan yote. Bomba, kiwanda cha kusafishia na bandari vikabaki kaskazini. Na katika kila pauni 100 zilizoingia hazina ya Juba, 98 zilikuwa za mafuta. Fikirini mtu mwenye duka lenye mteja mmoja tu, na njia ya kumfikia mteja huyo inapita uani kwa jirani aliyepigana naye miaka 22. Waliosema mtegemea cha nduguye hufa maskini angalau walimtaja ndugu.

Ugomvi ulianza mara moja. Khartoum ikadai zaidi ya dola 30 kwa kila pipa linalopita. Juba ikasema haitoi hata dola moja. Khartoum ikaanza kujichotea mafuta yenyewe, ikisema inafidia deni. Januari 2012, serikali ya Juba ikafanya jambo ambalo mpaka leo nalistaajabia: ikafunga visima vyote. Mapipa 350,000 kwa siku, kimya. Na wananchi wakashangilia! Nilikuwa nanyoa ndevu kwa kinyozi mmoja pale mtaa wa Hai Malakal, redio ikatangaza, kinyozi akaweka wembe chini akapiga makofi, mimi na sabuni yangu usoni. Nikamuuliza, sasa mtakula nini? Akanijibu kwa Kiarabu cha Juba kwamba walikula majani porini miaka ishirini, watashindwa na mwaka mmoja?

Heshima ile naielewa. Lakini kinyozi alikuwa akizungumzia tumbo lake. Serikali ilikuwa na matumbo mengine ya kulisha, na hapo ndipo penye jambo lililonileta mbele yenu.

Wakati wa vita, sio wote wa kusini waliopigana chini ya Garang. Wapo makamanda waliolipwa na Khartoum wapigane na ndugu zao, wakubwa wao akiwa Paulino Matip, aliyekuwa na jeshi lake kulekule kwenye visima vya Unity. Amani ilipokuja, Kiir alikuwa na njia mbili, ama apigane nao ama awaingize ndani. Akawaingiza. Januari 2006, kwa Azimio la Juba, Matip na watu wake wakaingia jeshini, vyeo na mishahara juu. Mimi simlaumu kwa hilo; bila azimio lile pengine hata kura ya 2011 isingepigwa. Tatizo ni kilichofuata. Kila kamanda wa msituni akasoma somo: ukitaka cheo, asi kidogo, ua kidogo, kisha ukubali kusamehewa. Wakaja wa pili, wakaja wa tatu. Wachunguzi waliohesabu walikuta majenerali zaidi ya 700. Zaidi ya nusu ya matumizi ya serikali yakaenda kwenye ulinzi na usalama, na sehemu kubwa ya fungu hilo si bunduki wala viatu, ni mishahara.

Amani ile, ndugu zangu, ilikuwa ya kulipia kila mwisho wa mwezi, kama nyumba ya kupanga. Na mlipaji ni bomba.

Sasa rudini Januari 2012. Bomba limefungwa. Pango linadaiwa, mfukoni hakuna. Mwezi wa tano mwaka huo Rais Kiir akawaandikia maofisa 75, waliopo na waliotoka, akiwaomba warudishe pesa za umma zilizopotea, dola bilioni 4. Awaombe! Mali bila daftari hupotea bila habari, wasemavyo wazee, lakini hii habari ilikuwepo, na bilioni zile hazikurudi. Makubaliano yakapatikana Addis Ababa Septemba 2012, mafuta yakaanza kutiririka tena Aprili 2013. Miezi kumi na mitano. Kufikia hapo waliokuwa wakilipwa kukaa kimya walikuwa wamekwishaanza kunung'unika. Julai 2013 Kiir akavunja baraza zima la mawaziri na kumfukuza makamu wake, Riek Machar. Tarehe 15 Desemba risasi zikalia Juba, ndani ya walinzi wa rais wenyewe.

Wako watakaowaambia vita vile vilikuwa vya Wadinka, kabila la Kiir, na Wanuer, kabila la Machar. Watu waliuawa kwa kabila lao, hilo ni kweli, nyumba kwa nyumba; nina marafiki ambao sikuwaona tena. Lakini makabila hayo yalikuwepo 2011 yakicheza pamoja barabarani. Mimi naamini kilichobadilika katikati ni kwamba wakubwa hawakuwa tena na cha kugawana, na kila mmoja akarudi kwa watu wake kutafuta nguvu.

Krismasi ile nilikuwa Elegu, mpakani, na malori matatu yamekwama upande wa pili. Watu walikuwa wakivuka wakielekea Adjumani, godoro kichwani, sufuria mkononi. Bor, Bentiu, Malakal, yote yalikuwa yakiwaka, na miji miwili ya mwisho ndiyo mlango wa visima. Uzalishaji ukaporomoka. Januari 2015 Rais Kikwete aliwakutanisha Arusha, mirengo yote ya chama tawala, SPLM, wakatia saini, wakapiga picha. Agosti mwaka huo mkataba mwingine. Julai 2016 Juba ikawaka upya, Machar akatoroka kwa miguu mpaka Kongo. Watafiti wa London walikadiria mwaka 2018 kwamba vita hivyo viligharimu maisha ya watu karibu 400,000, kwa risasi, njaa na maradhi.

Nije kwenye pesa, maana nyinyi ni watu wa pesa.

Serikali ilishikilia kwamba dola moja ni pauni 2.96. Hiyo ndiyo bei ya benki kuu. Mtaani dola ilipanda, ikawa 5, ikaendelea. Aliyepewa hati ya benki ya kuagizia bidhaa, chakula, dawa au dizeli, alizipata dola kwa 2.96. Hesabu ni nyepesi. Dola 100,000 zinakugharimu pauni 296,000. Mtaani ikifika 10, unaziuza kwa pauni milioni moja kabla chai yako haijapoa. Utasumbuka kuleta unga wa nini? Kampuni zilisajiliwa kama uyoga, nyingine hazikuwa na meza wala kiti. Zile dola za mafuta, chache zilizobaki, zikaliwa hapo.

Na msiniangalie kama malaika. Sisi wa nje tulikuwemo. Tulijua nani ana mkono wa kupata hati, tulibeba mizigo yao, tuliandika ankara walizotaka ziandikwe. Mwenyewe nitalifikia langu.

Bei ya mafuta duniani nayo ikaanguka. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 likashuka chini ya 30. Sasa kumbukeni yale makubaliano ya Addis Ababa. Juba ilikubali kulipa Khartoum ada ya kupitisha pamoja na fidia, jumla karibu dola 25 kwa pipa, na ada hiyo haikufuata bei ya soko. Pipa la 100, ukitoa 25, bado una kitu. Pipa la 30, nalo la mafuta mazito yanayouzwa kwa punguzo, ukitoa 25, umebaki na nauli ya matatu. Waliirekebisha ada mwaka 2016 baada ya kelele nyingi. Tarehe 15 Desemba 2015, miaka miwili kamili tangu vita vianze, benki kuu ikaiachia pauni, na kwa siku moja dola ikatoka 2.96 ikaruka mpaka zaidi ya 18. Noti kubwa wakati ule ilikuwa ya pauni 100. Mteja wangu wa unga akawa ananiletea malipo kwenye gunia, na vijana wawili wa kuhesabu.

Mkataba wa Septemba 2018 ndio unaoshikilia mambo mpaka leo, kama unashikilia. Utazameni kwa jicho la mwenye nyumba ya kupanga. Makamu wa rais watano. Wabunge 550. Kila aliyekuwa na bunduki akapata kiti, na kila kiti kina gari, walinzi na posho. Ni Azimio la Juba lilelile, ila mara hii bomba limekonda. Uchaguzi umeahirishwa mara nyingi, sasa wanasema Desemba 2026. Machi 2025 Machar akafungiwa nyumbani kwake baada ya mapigano ya mji wa Nasir, na Septemba akafikishwa mahakamani kwa mashtaka ya mauaji na uhaini. Mwezi huohuo tume ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ikatoa ripoti: tangu uhuru, mafuta yameiingizia serikali zaidi ya dola bilioni 25. Atakayepita barabara ya Juba kwenda Nimule, mpakani, ataniambia ziko wapi. Hata ile barabara yenyewe, kilomita 192 za lami, ililipiwa na Wamarekani.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Ngoja, bado nta.

Mafuta ya visima vya Paloch, kule Upper Nile, ambayo ndiyo mengi, yana nta. Yakipoa yanaganda kama samli ya asubuhi. Kwa hiyo bomba lote lazima lipashwe moto na kusukumwa kwa pampu, na vituo hivyo vinakula dizeli. Aprili 2023 majenerali wa Sudan wakaanza kupigana wao kwa wao, jeshi na kikosi cha wanamgambo cha RSF, na bomba likajikuta linapita katikati ya uwanja wa vita. Dizeli haikufika vituoni. Februari 2024 mafuta yakaganda, bomba likapasuka. Sehemu kubwa ya mapato ya Sudan Kusini ikakatika karibu mwaka mzima, kwa vita ambavyo si vyao, katika ardhi ambayo si yao. Walimu, madaktari, askari wakakaa miezi na miezi bila mshahara. Pauni ikaendelea kuzama. Leo dola moja ni zaidi ya pauni 4,000.

Hii ndiyo sababu vizuizi vya barabarani vimezidi, wenye malori mnaolalamika kila mkutano. Safari yangu ya mwisho nilisimamishwa na askari kijana, kandambili zimekatika, amezifunga kwa waya. Akaniongelesha kwa Kiswahili safi kuliko changu, alikulia Kenya, kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Nikamwambia, mwanangu, hiki ni kizuizi cha ngapi tangu Nimule? Akanijibu bila hasira, "Mzee, sijalipwa tangu mwaka jana. Wewe ndiye mshahara wangu." Nikamlipa. Alinipa hata kikaratasi kilichopigwa muhuri, sijui wa ofisi gani. Mnapokwenda kwa serikali kulalamika kuhusu vizuizi, na mwende, lakini mjue pale kizuizini hamsimamishwi na mhalifu aliyeiba sare. Ni mtumishi wa serikali aliyetafutiwa njia nyingine ya kulipwa.

Kuna watakaouliza kuhusu Lamu. Machi 2012 nilikuwa kwenye jua lile, Mzee Kibaki, Kiir na Meles Zenawi wakazindua ule mradi: bandari, reli, na bomba jipya la kuwatoa ndugu zetu mikononi mwa Khartoum. Gati la kwanza tumelipata, 2021. Bomba halijachimbiwa hata mtaro. Mwenzangu mmoja hapa alinunua kiwanja Lamu kwa ajili ya bomba hilo, tumuombee. Kusema kweli, hata lingejengwa, lingebadilisha uani kwa jirani gani mafuta yapite. Mshahara wa majenerali ungebaki palepale.

Kwa hiyo katibu, swali lako. Soko lipo. Watu wa Juba wanakula kila siku, ardhi yao ni nzuri, ng'ombe wao sijaona mfano wake, na siku wakianza kujaza malori yetu ya kurudi nitakuwa wa kwanza kupanga foleni Elegu. Kwa sasa, ukiletewa habari kwamba wakubwa wamesameheana na viti vimegawanywa, usiharakishe kupakia. Uliza kwanza kama dizeli imefika kwenye vituo vya bomba, na kama walimu wa Juba wamelipwa mwezi huu. Mzigo wako uuze kwa dola, mkononi, kabla turubai halijafunguliwa. Tusikopeshe ofisi.

Mimi nilikopesha. Hii karatasi niliyoshika ni ya Juni 2015. Nilibeba mizigo ya ofisi moja ya umma, sitaitaja, tukaandikiana pauni 120,000. Ningeweza kuwalazimisha dola. Sikutaka, kwa sababu kuna mtu aliniahidi kwamba pauni zile zitabadilishwa benki kwa 2.96, nami nikajiona mjanja: dola 40,500, kwa kazi ambayo kwa haki ilikuwa ya nusu yake. Nilitaka kuonja zile dola za 2.96 na mimi. Malipo yakacheleweshwa mpaka Desemba, na pauni ikaachiwa deni likiwa bado kwenye faili. Asubuhi ile likawa dola 6,500. Bado wanasema litalipwa, muhuri ni halali, kila nikipita wananipa soda. Kwa bei ya leo halifiki dola 30.

Naipitisha mezani muione. Tafadhali irudi kwangu, na asiikunje mtu, bado nadai.